Milioni 45 za India, au elfu saba za kila mwezi?

SWALI: Nina binti ambaye hajatimiza miaka mitatu, ana mtindio wa ubongo. Hakai mwenyewe, miguu imeanza kukaza na kupishana, na mara kwa mara anapata degedege. Tunaishi Morogoro. Mume wangu ni fundi ujenzi, mimi niliacha saluni ili nimlee. Kuna wakala ametuambia huko India kuna sindano za seli shina zitakazomfanya atembee, na gharama yake ni milioni 45 pamoja na tiketi. Nataka kuchangisha mitandaoni, lakini mume wangu anasema hataki tuonekane ombaomba. Nianzie wapi? Na je, watu wanachangia kweli?
– Mama, Morogoro

JIBU: Mama, pole sana na kuuguza.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo jepesi. Ndiyo, watu wanachangia. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, nimekaa kwenye dawati la hospitali miaka 17, na nimeona watoto wakinunuliwa viti, wakilipiwa dawa na nauli na watu ambao hawajawahi kuwatia machoni. Ninachokuomba ni kimoja tu: usiwaombe watu hao milioni 45.

Mtindio wa ubongo ni jeraha kwenye ubongo ambao bado unakua. Linaweza kutokea mimba ikiwa tumboni, wakati wa kujifungua mtoto anapokosa hewa, au baada ya kuzaliwa, kwa manjano makali yaliyochelewa kutibiwa, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki. Kinachobadilika ni mwili unaoishi na jeraha hilo: misuli inakaza, viungo vinajikunja, nyonga inaweza kutoka mahali pake taratibu bila mtu kugundua. Kwa hiyo unaponiambia miguu ya binti yako imeanza kupishana, mimi naona mtoto anayehitaji mazoezi na mkao mzuri haraka, na daktari wa kuipiga picha nyonga yake. Sioni mtoto anayesubiri ndege.

Kuhusu seli shina, yaani chembe changa za mwili zinazoweza kukua na kuwa chembe za aina nyingine, nikwambie ninavyoelewa. Utafiti upo na unaendelea, na baadhi yake umeonyesha nafuu ndogo kwa baadhi ya watoto. Lakini sindano hizo hazijawa tiba iliyothibitishwa ya mtindio wa ubongo, na daktari mwaminifu hawezi kukuahidi kwamba zitamfanya mtoto asiyekaa atembee. Tena mtoto aliyeingizwa kwenye utafiti wa kweli kwa kawaida halipishwi dawa inayofanyiwa majaribio. Muulize huyo wakala analipwa na nani kwa kila mgonjwa anayempeleka. Muulize pia mtoto akirudi hajabadilika, nani atakayekuwa anapokea simu zako. India imewaokoa Watanzania wengi kwa maradhi mengine, silipingi hilo. Kwa hili lako, hapana.

Niliwahi kuhudumia familia iliyouza kiwanja, ikachangisha iliyobaki, ikaenda nje ya nchi kwa ahadi kama hiyo. Mtoto alirudi vilevile. Kilichoniuma kilikuja mwaka uliofuata. Mama yule alihitaji kiti cha kumkalisha mwanawe, kitu kisichofika hata sehemu ya mia ya zile pesa, na kila aliyempigia alimjibu, "Si tulishachanga?" Watu walikuwa wametoa mara moja, kwa jambo kubwa, wakitarajia kumwona mtoto akitembea. Hakutembea, nao wakafunga mikono. Ndiyo maana nakusihi: wema wa watu ni akiba yako ya miaka mingi, usiutumie wote kwenye safari moja.

Sasa tuone mwanao anahitaji nini hasa, kwa sababu mchango mzuri huanzia hapo.

Kwanza, degedege. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayepata degedege mara kwa mara huenda ana kifafa, na kifafa kina dawa za kila siku ambazo si ghali zikilinganishwa na unachodhani. Kinachowaangusha wazazi ni kukatika kwa dawa: wiki hii ipo, wiki ijayo hakuna. Usiache dawa ghafla hata siku moja bila daktari. Ukichangisha pesa ya dawa tu na isikatike mwaka mzima, umefanya jambo kubwa.

Pili, chakula, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo watoto wengi wanapotuponyoka. Nimewaona akina mama wengi wakimlisha mtoto amelala chali mapajani, kichwa kimening'inia nyuma, uji unamiminwa. Chakula kinaingia njia ya hewa, mtoto anakohoa, baada ya siku chache ana nimonia. Mkalishe wima, mgongo umeegemezwa, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Uji uwe mzito wa kushika kijiko. Kijiko kitokee mbele, usawa wa mdomo, kisitokee juu. Mpe muda wa kumeza kabla ya kijiko kinachofuata; mlo mmoja unaweza kuchukua dakika 40, na hiyo ni kazi kamili inayostahili kuheshimiwa. Weka mafuta, karanga za kusaga au yai kwenye uji huo, kwa sababu misuli iliyokaza inakula nguvu nyingi.

Tatu, mazoezi. Hayafanyiki hospitalini peke yake. Mtaalamu wa fiziotherapia na yule wa tiba kwa vitendo watakufundisha wewe, na wewe ndiye utakayeyafanya kila siku unapomwogesha, unapomvisha, unapombeba. Mbebe amekupanulia miguu pande mbili za kiuno, usimbebe kama mtoto mchanga aliyejikunja. Kwa umri wake huu kila mwezi una thamani, kwa sababu sehemu kubwa ya uwezo wa mtoto wa kukaa na kutembea hujitokeza katika miaka yake mitano ya kwanza. Sikuahidi kwamba atatembea. Mtoto ambaye hajakaa mwenyewe akifika miaka miwili, njia yake ya kutembea huwa nyembamba. Lakini kukaa kwa msaada, kula bila kupaliwa, kukuonyesha kwa macho kwamba anataka maji, kulala usiku bila maumivu, hayo yanatafutwa na yanapatikana.

Nne, kiti. Kabla hujatafuta kiti mwendo cha bei kubwa, uliza kiti cha karatasi. Ufundi huu ulianzia Zimbabwe na umefika nchi nyingine za Afrika. Maboksi magumu yanakatwa, yanabandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano iliyopikwa kama uji, magazeti yanafunika juu, kisha kinaanikwa juani mpaka kinakuwa kigumu kama ubao, na mwisho kinapakwa vanishi. Kinapimwa kwenye mwili wa mtoto mwenyewe: urefu wa paja, urefu wa mguu kutoka goti hadi kisigino, upana wa kiuno. Kwa binti yako kitawekwa kigingi kidogo katikati ya mapaja ili miguu isipishane. Nimewahi kumwona mtoto aliyelala mkekani tangu azaliwe akikalishwa kwenye kiti hicho kwa mara ya kwanza. Alinyamaza, akaanza kuangalia watu waliokuwemo chumbani, mmoja mmoja. Bibi yake alitoka nje kulia.

Baada ya hapo ndiyo unachukua daftari. Mama mmoja niliyefanya naye kazi aliandika hivi, nakupa kama mfano, wewe weka bei za kwenu: nauli ya kliniki mara mbili kwa mwezi 24,000, pampasi 60,000, dawa ya kifafa 18,000, mayai, maziwa, mafuta na karanga 45,000, na 20,000 ya kumlipa binti wa jirani anayekaa na mtoto mama anapokwenda sokoni. Jumla 167,000 kwa mwezi, yaani 2,004,000 kwa mwaka. Akaongeza 450,000 za kiti, splinti za miguu (vifaa vya kuishikilia miguu ikae sawa) na picha ya nyonga. Ikawa 2,454,000.

Gawanya milioni 45 zako kwa hesabu hiyo. Utapata miaka 18. Zile pesa za sindano zingemtunza mwanao mpaka awe na miaka 21.

Nawe huhitaji milioni 45. Unahitaji watu 25 wa kutoa 7,000 kila mwezi. Hiyo inakupa 175,000, na ile 8,000 inayozidi itafidia makato na yule mmoja atakayekwama mwezi huo. Elfu saba mtu anaitoa bila kugombana nyumbani kwake, na mwezi ujao anaweza kuitoa tena. Zile 450,000 za vifaa zitafute kando, mara moja, kwenye kikao cha ukoo au kwa jumuiya yenu.

Kabla ya kuomba watu, chukua kwanza kile kilichokwisha wekwa kwa ajili yake. Sera ya afya ya nchi inasema mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Najua dawa mara nyingi huwa zimeisha dirishani, ila kumwona daktari na baadhi ya vipimo usilipie kama hujaambiwa kwa nini. Pale hospitali ya rufaa ya mkoa ulizia ofisi ya ustawi wa jamii. Sisi ndio tunaopima uwezo wa familia na kuandika msamaha wa gharama. Nenda na barua ya serikali ya mtaa. Ulizia pia bima anayoweza kuingizwa mtoto kwa sasa, maana utaratibu umebadilika zaidi ya mara moja tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Mkipewa rufaa, hospitali ya CCBRT iko Dar es Salaam, na treni ya SGR imefanya safari hiyo iwe nyepesi kwa mtoto ambaye mtikisiko wa basi unamkaza. Kwa walio kaskazini kuna hospitali ya KCMC Moshi, ambako pia ndiko wanakofundishwa mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi.

Jambo jingine ambalo wachangishaji wengi hulisahau ni wewe mwenyewe. Uliacha saluni. Nyumba yenu ilipoteza kipato siku ileile gharama zilipopanda. Weka kwenye hesabu yako mtaji mdogo wa kazi unayoweza kuifanya ukiwa nyumbani: dryer moja na kiti barazani, wateja wakufuate. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atakueleza namna ya kuingia kupitia kikundi cha wanawake. Na kama uko kwenye kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kuna mfuko wa jamii, ule unaochangiwa pembeni ya hisa kwa ajili ya matatizo. Usione haya kuuomba, wewe ni mwenye haki nao.

Sasa namna ya kuchangisha. Tunajua kazi hii sisi, tunaifanya kila mwaka kwenye harusi. Kamati inakaa wiki kumi, ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kadi, orodha ya ahadi, na yule mtu asiyechoka kukumbusha ahadi. Chukua ufundi huohuo uulete kwa mtoto. Tafuta watu watatu tu: mmoja wa upande wako, mmoja wa upande wa mume, na mmoja asiye ndugu anayeaminika, mwalimu, mzee wa kanisa au imamu. Pesa isikae kwenye simu yako peke yako. Siku hela ya mtoto itakapochanganyika na ya unga, hata kama ni kwa bahati mbaya, utakosa la kusema. Kuna huduma za mfuko wa kikundi kwenye simu, kwa mfano M-Koba ya Vodacom iliyoanza 2019, ambako pesa haitoki mpaka wasimamizi waidhinishe. Kwa mtu anayetaka kutoa kiasi kikubwa, mpe ankara ya hospitali yenye kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, alipe mwenyewe moja kwa moja. Watu wa namna hiyo hurudi tena.

Kwenye tangazo andika jina litakalotokea mtu anapotuma pesa, na liwe hilohilo la msimamizi mliyemtaja. Matapeli huiba picha ya mtoto, wakabadilisha namba ya simu tu. Mkiwa mmetangaza "jina litakuja fulani", mtu ataona tofauti kabla hajabonyeza kukubali.

Na picha yenyewe. Mama, naomba hili ulishike. Usimpige binti yako picha akiwa uchi, akiwa kwenye degedege, akitokwa mate na analia. Najua video za namna hiyo husambaa haraka. Lakini atakua, na picha hiyo itamkuta shuleni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inalinda utu wake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu habari za afya yake kuwa nyeti. Usiweke kadi ya kliniki yenye majina kamili na namba ya faili. Mpige picha amevaa vizuri, amekaa, anakuangalia. Mchangiaji anapaswa kumwona mtoto anayesaidiwa aishi.

Kama mna ndugu Ulaya au Marekani, mtu huyo anaweza kufungua uchangishaji kwenye GoFundMe kwa akaunti yake ya huko, kwa sababu mtandao huo hauruhusu mnufaika mwenye akaunti ya benki ya Tanzania. Awe ndugu unayemwamini kabisa, aseme wazi yeye ni nani kwako na pesa itafikaje Morogoro. Msikitini na kanisani nendeni na daftari lile lile, lenye bei. Viongozi wa dini wanapokea wenye shida kila Ijumaa na kila Jumapili, na anayekuja na hesabu iliyopangwa huwarahisishia kumsimamia mbele ya waumini.

Kisha toeni taarifa kila mwezi, tarehe moja isiyobadilika. Mistari minne inatosha: kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani na kwa nini, picha ya risiti, na jambo moja la mtoto. "Wiki hii amekaa kwenye kiti dakika 20." Andikeni pia mwezi alioumwa. Na tangu siku ya kwanza semeni pesa ikibaki, kwa sababu yoyote ile, itakwenda wapi, kwa mfano kwa mtoto mwingine wa kliniki hiyohiyo. Ni mazungumzo magumu, najua, lakini yakifanyika mapema yanawalinda nyote.

Ujumbe wenu unaweza kuwa hivi:

"Ndugu zetu, habari za siku. Binti yetu anakaribia miaka mitatu na ana mtindio wa ubongo. Hautibiwi kwa safari moja. Anahitaji mazoezi, dawa, chakula na kiti, mwezi hadi mwezi. Hesabu yetu ni shilingi 167,000 kwa mwezi. Tunatafuta watu 25 wa kutoa 7,000 kila mwezi kwa miezi 12. Pesa inasimamiwa na watu watatu waliotajwa hapa chini. Kila tarehe 5 tutaweka matumizi na risiti. Ambaye hana pesa, tunahitaji maboksi magumu, magazeti ya zamani, na mtu wa kukaa naye Jumamosi saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana."

Kabla hujautuma, msomee baba yake. Naelewa anachokiogopa. Mwanamume anayeamka kila siku kwenda kubeba zege hataki mtaa useme ameshindwa kulisha mtoto wake. Mwonyeshe kwamba ujumbe huu una bei, una muda, una wasimamizi, na unamwambia mtu pesa yake itakwenda wapi. Huko si kuombaomba. Mwambie pia kuna kazi ambayo hakuna mchangiaji anayeweza kuifanya kama yeye. Binti yenu atahitaji fremu ya kusimamia, ya mbao, yenye mkanda kifuani na magotini na kijimeza mbele, ili asimame nusu saa kila siku na nyonga zake zibebe uzito. Seremala huitoza pesa. Fundi ujenzi ataitengeneza kwa mabaki ya mbao za saiti. Vipimo vinatolewa na mtaalamu wa fiziotherapia, mtoto akiwa palepale. Siku ya kliniki ijayo mwende wote watatu, na baba achukue futi yake.